Radhi za Bi Habiba

Siku za Jumatatu stendi ya Kibiti haina adabu. Wapiga debe wa mabasi ya Lindi wanatukanana kwa upendo, bodaboda wanapita hata pasipopitika, na harufu ya samaki wa kukaanga inakufuata mpaka nyumbani. Katikati ya vurugu hizo Sabra alisimama kwenye baraza la fundi Miraji, mikeka mitatu begani, anataka uzi mweusi.

Alivaa gauni la rangi ya majivu linalofagia vumbi, na mtandio wa rangi hiyohiyo. Miraji alivaa shati la maua alilolishona mwenyewe, tena maua makubwa.

"Asalaamu aleikum, dada."

Sabra akanyoosha kidole kwenye uzi mweusi.

"Dada, kusalimia sunna, kujibu faradhi. Au kwenu faradhi mmeifuta?"

Sabra akageuka nyuma. Mama yake, Bi Habiba, alikuwa ng'ambo ya barabara akichagua chumvi. Akajibu kama mtu anayeiba: "Waaleikum salaam." Akachukua uzi akaondoka mbio. Siku tatu nzima aliomba toba kwa jibu hilo moja.

Msimcheke. Alizaliwa katika Jamaa ya Ahadi, kaya thelathini kando ya mikoko, chini ya Ustadhi Mwinyimvua. Huko, salamu ya mtu wa nje haijibiwi, hata awe Muislamu anayesali safu ya mbele. Na aliyetoka kwenye Jamaa hukatiwa salamu na kila mtu, hata na aliyemzaa. Mama yake mdogo, Johari, alitoka miaka minne iliyopita. Aliporudi kubisha hodi amwone dada yake, Sabra ndiye aliyefunga mlango, na siku ile alijiona mchamungu kwelikweli.

Lakini moyo haufungwi kamba. Kufikia Jumatatu ya nne, ndani ya mkeka mmoja uliokunjwa kulikuwa na simu ndogo ya kitochi aliyopewa na Miraji.

"Umekula nini, kipenzi?"

"Wali na kaa."

"Kaa! Mimi huku nashindia muhogo mkavu, halafu unasema unanipenda."

"Nani kasema?"

"Haya, nakata simu."

"Usikate!" Sabra akaziba mdomo kwa mtandio, kicheko kikamponyoka hivyohivyo. Kisha sauti ikamshuka. "Miraji, kila nikicheka na wewe nahisi Mungu kaninunia."

"Mungu au Ustadhi?"

"Sijawahi kuwatenganisha."

Miraji alilelewa vizuri, na malezi mazuri nayo yana balaa zake. Hakutaka mapenzi ya kujificha. Bila kumwambia Sabra, aliandika barua ya posa, akaifunga kwenye leso nyeupe, akamkabidhi mjomba wake, Mzee Swalehe, aipeleke kama desturi inavyotaka. Hakujua kwamba katika Jamaa kila barua huishia mikononi mwa Ustadhi. Ikasomwa baada ya sala ya alasiri, mbele ya watu wote.

"Sabra binti marehemu Hashimu," Ustadhi akauliza, "huyu Miraji unamjua?"

Bi Habiba alikuwa amemshika mwanawe kidole, amekibana.

"Simjui."

Mzee Swalehe alisikia kwa masikio yake akiwa mlangoni. Jioni hiyo simu ikaita.

"Hunijui, Sabra?"

"Umenianika mbele za watu! Nani alikutuma?"

"Nimekuposa. Kuposa nako ni kosa?"

"Usinipigie tena!" Akaitupa simu kwenye tope la mikoko.

Ustadhi hakudanganyika. Ila adhabu hakumpa Sabra, alimpa mama, kwa kuwa mlezi ndiye mwenye kosa: siku arobaini asijibiwe salamu na yeyote, na wa kwanza kutomjibu awe bintiye.

Asubuhi Bi Habiba alirudi kutoka kisimani. "Asalaamu aleikum, mwanangu," akasema kwa mazoea. Sabra akauma ulimi. Aliuma ulimi siku tisa. Siku ya kumi mama aliingia, akatua ndoo, asiseme kitu, kama mpangaji katika nyumba ya watu. Hilo Sabra hakuliweza. Bi Habiba alipokwenda shambani, Sabra akaondoka. Hakuaga.

Alifika Mchukwi kwa Johari. Mlango ulipofunguliwa, aibu ilimnyima hata salamu.

"Umekula?" Johari akamuuliza, akampisha aingie.

Wiki mbili baadaye Sabra akaenda Kibiti, mpaka kwenye baraza la Miraji. Fundi hakuinua kichwa kwenye cherehani.

"Nimekuja kukuomba msamaha, Miraji."

"Wewe nani? Maana na mimi sikujui."

"Nastahili. Sema tena."

Mguu wa Miraji ukasita kwenye pedali. Alipoyaona macho yake, hasira ikamwishia mdomoni. "Ningekuuliza kwanza kabla ya kutuma barua. Na mimi nimekosa." Akamvutia kigoda. "Kadhi anasema anaweza kutuozesha. Niambie lini."

"Kadhi ataniozesha, na radhi za mama nitazitoa wapi? Nimekimbia, nimemwachia adhabu yangu. Siolewi bila radhi zake, mpenzi wangu. Sitaweza."

"Nitangoja."

Akangoja kweli. Sabra akawa anakuja kupinda mashuka barazani. Sala zake tano alisali, ingawa kila akisujudu peke yake alijiona kama amevunja mlango wa mtu akaingia.

Miezi mitatu ikapita. Jumatatu moja Bi Habiba akatokea na wanawake wawili wa Jamaa. Wenzake wakabaki hatua chache nyuma, wakitazama. Mama alikuwa amekonda.

"Asalaamu aleikum, mama," Sabra akasema.

Hakujibu. Alimwinamia Miraji, akatandaza shuka juu ya cherehani.

"Fundi, unapinda mashuka?"

"Napinda, mama."

Akateremsha sauti. "Basi mwambie mpindaji wako, radhi zangu anazo, tangu yumo tumboni. Aolewe. Ila asirudi kunitafuta. Mimi nimeshazoea kunyamaziwa. Yeye asizoee."

Akageuka, akaenda zake.

Sabra aliruka kigodani, akafika ukingoni mwa baraza, akasimama hapo. Angemkimbilia, mama angepewa siku arobaini nyingine. Akamtazama akipanda bodaboda, mikono ikimwasha kwa kutomshika.

"Umesikia?" Miraji akauliza taratibu.

"Nimesikia."

"Basi?"

"Basi nioe," Sabra akasema huku machozi yanamdondoka. Barabarani, mgongo wa mama yake ulikuwa bado unaonekana.