Pedi Zilizopunguzwa kwa Tupa

Mume wa mshonaji mmoja aliitwa Mwendopole, na jina hilo halikuwa utani mtupu. Hata akichelewa, hakuikimbiza pikipiki yake. Alisambaza mikate ya kiwanda kidogo cha mtaa wa pili. Lakini kabla ya mikate, kila asubuhi alimpeleka binti yao shuleni, na shule ilikuwa chini ya mteremko mrefu.

Wiki hiyo breki ya nyuma ilikuwa imechoka.

"Baba, niachie mimi," mshonaji alimwambia mumewe. "Simu yangu si ya kupigia picha tu."

"Haya, mke wangu. Wewe ndiye mtaalamu."

Mshonaji alisoma jina lililoandikwa kwenye tangi la mafuta. Akaliandika hivyo hivyo kwenye duka la mtandaoni. Akachagua pedi za breki zilizong'aa kuliko zote, akalipa papo hapo. Siku nne baadaye kifurushi kikafika.

"Nzuri sana," mumewe alisema. Mshonaji akavimba kichwa siku nzima.

Jumamosi, alipokuwa akianika nguo, alisikia kitu kinakwaruza nyuma ya nyumba. Akachungulia. Mwendopole alikuwa amechuchumaa, tupa mkononi, anaipunguza pedi mpya. Unga mweusi ulikuwa umemjaa kwenye suruali.

"Unafanya nini, baba?"

Mume alishtuka kama mtoto aliyekutwa na kopo la sukari. "Narekebisha tu. Zimekuwa kubwa kidogo."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliziagiza kwa furaha," alijibu akitazama chini. "Sikutaka kukuaibisha."

Hasira na huruma zilimpanda mshonaji kwa pamoja. "Aibu haiui, mwenzangu. Mteremko ule unaua. Na pale hubebi mikate tu, unambeba mwanetu."

Wakaisukuma pikipiki hadi kwa jirani yao Spana, fundi pikipiki, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Spana aliishika ile pedi, akaigeuza.

"Nani kaipunguza hii?"

Mwendopole alijipangusa unga kwenye suruali.

"Basi imejipunguza yenyewe," Spana alisema.

"Mimi niliiagiza," mshonaji alikiri. "Nilifuata jina lililo kwenye tangi."

Spana alicheka mpaka akakaa chini. "Dada yangu! Mwenye pikipiki wa kwanza alianguka nayo, tangi likabonyea. Tukafunga tangi la pikipiki nyingine, kubwa kuliko hii. Nililifunga mimi, kwa mikono yangu. Shemeji hakukwambia?"

Mwendopole alijikuna kisogo. "Hilo nilisahau."

"Mteja akikutajia jina lake," Spana alimuuliza mshonaji, "unamkatia gauni?"

"Nampima kwanza."

"Basi na chombo hiki kinapimwa."

Akafungua gurudumu, akatoa pedi ya zamani, akaiweka kando ya rula. "Piga picha. Unaiona namba hii ndogo? Piga picha. Sasa njoo hapa chini ya usukani. Hii ndiyo namba ya fremu. Tangi hubadilishwa, fremu ndiyo pikipiki yenyewe. Mtumie muuzaji picha hizi kabla hujalipa. Muulize kama pedi zake zinaingia, na zisipoingia, atazipokea? Soma pia waliokutangulia kununua wanasemaje. Ukiangalia mng'ao tu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Na hii iliyopunguzwa?"

"Hiyo haifai tena. Imepoteza umbo. Inaweza kushindwa kushika, au ikang'ang'ania na gurudumu likagoma katikati ya mteremko. Na muuzaji hataipokea, mmeshaiharibu."

Mwendopole alimwangalia mkewe. "Nisamehe."

"Nami sikuuliza," mkewe alisema.

Jioni ile mshonaji aliwaandikia wauzaji wawili. Wa kwanza alijibu upesi: "Nunua tu mama, zinaingia pikipiki zote." Akaachana naye. Wa pili aliomba picha nyingine, ya ndani ya gurudumu. Mshonaji alimpenda kwa sababu naye alikuwa anauliza. Wakakubaliana kwamba atalipa baada ya kukagua.

Zikapita siku tano. Binti alikwenda shule kwa miguu pamoja na mama yake. Mwendopole alisambaza mikate kwa baiskeli ya kuazima, na wateja wakamwambia kwamba sasa kweli anastahili jina lake.

Mzigo ulipofika, mshonaji aliufungua mbele ya aliyeuleta. Akaweka pedi mpya juu ya ile ya zamani. Akalinganisha namba moja moja.

"Mama, nina safari nyingine," mleta mzigo alilalamika.

"Subiri, mwanangu. Atakayeshuka mteremko na pedi hizi si wewe."

Zililingana. Akalipa. Spana akazifunga, akaijaribu pikipiki kwanza kwenye barabara tambarare, mara ya kwanza taratibu, kisha kwa mwendo zaidi. Kila mara ilisimama pale pale alipotaka.

Jumatatu, binti alirudi kutoka shuleni akatupa mkoba kitini.

"Mama, leo baba hakuburuza mguu."

"Mguu gani?"

"Mguu wake, ule wa kusimamishia pikipiki. Siku zile kabla ya breki mpya, tukikaribia geti la shule, alikuwa anauburuza chini kwa nguvu mpaka tusimame. Aliniambia ni mchezo wetu, nisimwambie mtu."

Mshonaji aliacha cherehani. Alimvuta mtoto, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa.