Dakika Ishirini Bila Simu

Saa kumi na moja na nusu jioni, watu tisa walikuwa wameketi kwenye mikeka wakikazia macho mwali wa mshumaa, na mtu wa kumi alikuwa juu ya ngazi. Ukumbi wa yoga ulikuwa ghorofani, juu ya stendi ya mabasi. Wanafunzi walishazizoea honi na kelele za makondakta. Mlio wa saa ya ukutani uliwashinda, ndiyo maana fundi saa akaitwa.

"Dada, hawa wanatafuta nini kwenye huo mshumaa?" fundi alimuuliza mwalimu kwa sauti ya chini kutoka juu ya ngazi.

"Hawatafuti. Wanatazama kitu kimoja tu. Akili ikitoroka, wanairudisha bila kuigombeza."

"Mimi hiyo ndiyo kazi yangu kutwa."

"Basi shuka tukuone."

Mwalimu alikuwa amevaa suruali nyeusi na fulana ya kijivu iliyopauka kwa kufuliwa. Fundi alishuka, akakaa. Kwa dakika nne alitazama mshumaa. Baada ya hapo alimtazama mwalimu. Mwalimu akamsogezea mshumaa karibu na pua.

Miezi saba baadaye walikuwa wapenzi, na mwalimu alimwita Mtoro hata mbele za watu. Alimpa kanuni moja: kabla ya kufungua saa ndogo, dakika ishirini za mshumaa, mlango umefungwa, simu imezimwa. Fundi aliishika kanuni hiyo kila siku. Skrubu zilizokuwa zikimponyoka hazikumponyoka tena.

Ijumaa moja, saa sita kasoro robo mchana, chuo cha mji mwingine kilimpigia mwalimu. Kilimtaka akaongoze mafunzo ya yoga, na kilitaka jibu kabla ya saa sita. Alimpigia fundi mara tatu; simu imezimwa. Akamwandikia: "Nimepata kazi mbali. Niambie kama tuko pamoja. Ukinyamaza, nimeelewa."

Saa sita kasoro dakika mbili aliikubali kazi.

Saa sita na dakika tatu fundi aliwasha simu, akausoma ujumbe. Alipanda ngazi za ukumbi mbilimbili, lenzi ya kazi ikiwa bado jichoni.

"Umenyamaza," mwalimu alisema mlangoni.

"Nilikuwa kwenye mshumaa."

"Leo?"

"Leo ni siku kama nyingine. Nani alinifundisha?"

Mwalimu aliketi kwenye ngazi. "Nimeshakubali, Mtoro. Sirudishi neno."

"Sijakuomba urudishe. Huko hawavai saa?"

"Wanavaa."

"Basi zinaharibika. Nataka tuoane, tuhame pamoja."

"Unaniposa na hilo dude jichoni?"

"Nililisahau. Nimekimbia."

"Na mama nitamwambia nini?"

"Mama yako ananiuliza tarehe ya harusi tangu mwezi uliopita. Nilikuwa naona haya kukuambia."

Mwalimu akampigia mama yake. Alieleza kwa sentensi mbili, akasikiliza.

"Anasema nikupe simu."

Fundi alivua lenzi, akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," alisema.