Kadi Iliyofungwa kwa Pini ya Blanketi

Asubuhi Malimpho aliwasha moto wa samadi kavu. Akasonga ugali, akachemsha mboga. Theluji ilikuwa bado juu ya paa. Mkwewe, mzee Mohapi, alilala karibu na moto. Alikuwa mgonjwa. Chakula hakukitaka. Alitaka simu.

"Niwashie hicho kidude," alisema. "Nazungumza na mwanangu."

Mwanawe ni Tšepang, mume wa Malimpho. Anachimba dhahabu Afrika Kusini. Mzee alisema polepole, mkewe akiwa kando yake, simu ikarekodi. Alimtajia mababu. Alimwambia ng'ombe yupi ni wa nani. Alimsamehe ugomvi wao wa zamani.

"Baba, utamchosha," Malimpho alimtania.

"Na achoke! Yeye kanichosha mimi tangu azaliwe."

Juma lile mzee alifariki. Theluji ilifunga njia ya mlimani, Tšepang hakuwahi mazishi.

"Nitumie sauti yake," alilia kwenye simu. "Uso wake nimeukosa. Nisikose na sauti."

Mtandao wa huku mlimani haubebi maneno marefu vile. Basi Malimpho aliitoa kadi ya memori ndani ya simu, ndogo kama ukucha. Sauti yote ilikuwa humo, na haikuwa mahali pengine popote. Akaitia kwenye bahasha nyembamba. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, kwa hiyo akaibana kwa pini ya blanketi, ile kubwa ya kufungia blanketi begani. Huku kwetu wanawake hubana kila kitu kwa pini hiyo. Akaipeleka posta.

Bahasha ilifika. Tšepang akapiga simu.

"Malimpho, bahasha ina tundu."

"Na kadi?"

"Nimekwambia ina tundu."

Posta walitafuta, hawakuipata.

Malimpho alikwenda kwa jirani, Ntate Palo, yaani Bwana Palo. Huyu hupiga picha za harusi, na kadi za wateja wake huzituma mbali.

"Uliibana kwa pini?" Palo alicheka. "Mama, ile ni barua au blanketi?" Kisha akayaona machozi. "Nisamehe. Kaa hapa."

Akamweleza. "Kwenye posta kubwa barua hupita katika mashine. Inazibana, inazivuta mbio. Kitu kidogo kigumu hutoboa karatasi kikachomoka. Pini nayo hunasa. Lakini kosa kubwa si pini. Ulituma kadi ya pekee. Kwanza nakili, usikilize kama imekubali, moja ibaki nyumbani."

"Sasa ninakili nini, Ntate? Hakuna kitu."

Jioni mjane wa mzee alisikia habari hiyo. "Mimi nilikuwa nimekaa pale pale," alisema. "Nipe simu. Nitasema ninayoyakumbuka."

Alisema. Mahali pengine alisahau. Mahali pengine alilia, na kilio hawakukifuta.

Palo alinakili maneno yake kwenye kadi mbili. Moja Malimpho aliificha sandukuni. Ya pili Palo aliitia katika kijaluba chake cha plastiki. Akakibandika kwa selotepu juu ya kadibodi ngumu, akafunika kwa kadibodi nyingine. Ndani akaweka karatasi yenye majina na anwani za pande zote mbili. Vyote vikaingia katika bahasha nene yenye sponji.

"Mwambie karani kuna kadi ndani," alisema. "Iende kama kifurushi cha rejista, isipite na barua za kawaida. Risiti usiitupe mpaka mumeo aseme ameisikia."

Malimpho akafanya hivyo. Siku moja simu ikalia.

"Imefika," Tšepang alisema. "Haina hata mkwaruzo. Nimemsikia mama."

"Maneno ni ya baba."

"Ndiyo. Maneno ni ya baba. Ile iliyobaki nyumbani ipo?"

"Ipo."

"Usiifute."

"Siifuti."

"Mama naye amezeeka, Malimpho. Hata kama nimeshaisikia, usiifute."