Ufa Kwenye Barafu

Walikutana kwa kugongana, mlangoni mwa duka la fremu, saa ambayo watu wanapishana kama siafu. Mchoraji, koti la njano na nywele hazijachanwa, alikuwa amebeba picha mbichi. Fundi wa fremu alikuwa anatoka kula. Rangi nyeupe ikamganda kifuani.

"Dada, umenichora bila kuniuliza."

"Pole, kaka. Na wewe umeniharibia theluji."

Basi, yakaanza hapo. Simu asubuhi, simu jioni, mpenzi umekula, mpenzi umelala. Fundi hakukawia kumwomba wafunge ndoa. Mchoraji akachukua brashi.

"Jibu nitakuchorea. Ila usichungulie."

Macho hayana pazia. Siku moja fundi alichungulia: ziwa limeganda, miti myeusi imesongamana kushoto, anga zito limelala juu ya kila kitu. Katikati ya barafu, mwanamume mdogo, na mbele ya miguu yake ufa. Kulia patupu. Fundi akaingiwa na hofu. Huyu ni mimi, alijiambia, na anataka nizame.

Picha ilipoletwa dukani hakuitazama. Aliilaza kifudifudi, akapigilia fremu, akamwachia mwenzake wa dukani amrudishie mchoraji, kisha akazima simu. Mwanaume mzima anakimbia kitambaa chenye rangi!

Mchoraji alipiga simu mpaka akachoka. Akaja mwenyewe, picha kwapani, macho mekundu.

"Kama hunitaki si ungesema? Umelifunika jibu langu kwa mbao."

"Jibu gani? Umenichora peke yangu."

"Kumbe hukuangalia?"

Fundi alichukua koleo, akang'oa misumari. Fremu ilipotoka, pale kulia kabisa, ambapo ukingo wa mbao ulifunika upana wa kidole, alikuwepo mwanamke wa koti la njano, mkono ameunyoosha.

"Nilimwongeza mwisho," mchoraji alisema. "Nilikuwa naogopa."

"Nisamehe, mpenzi. Nilikuwa mjinga." Fundi alipitisha kidole kutoka kwa mtu mmoja mpaka kwa mwingine. Ufa ulipita katikati yao. "Na huu utaufuta?"

"Hapana. Baba na mama yangu walijifanya hawauoni wa ndoa yao, wakazama wote wawili. Mimi nataka tuuone."

"Barafu itatubeba?"

"Sijui. Ndiyo maana nimenyoosha mkono."

Fundi akaushika, ule wa kweli. Ulikuwa wa baridi, naye hakuuachia.