Ng'ombe wa Margwe Alipotupa Mimba

Ng'ombe alitupa mimba mwezi wa pili. Mwezi wa nne mimba ya Paskalina, mke wa Theodory, nayo ikatoka. Ilikuwa ya miezi mitano.

Theodory ni mkulima wa Tumati. Ng'ombe yule hakuwa wake. Rafiki yake Margwe alimpa amtunze, kama ilivyo desturi: mtunzaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ndama akifa, mtunzaji anapeleka habari siku hiyo hiyo.

Theodory hakupeleka. Aliogopa watu watasema boma lake halikai mifugo. Alimvuta ndama mfu kwa mikono mitupu, Paskalina akasafisha zizi, wakafukia, wakanyamaza. Maziwa wakaendelea kuyanywa mabichi, kama walivyozoea tangu utoto.

Baada ya wiki chache homa ikamwingia Theodory. Leo amelala, kesho mzima, keshokutwa amelala tena. Viungo vilimuuma, jasho likamlowesha. Akawa anameza panadol na kurudi shambani. Mkewe naye akaanza hivyo hivyo, mpaka mimba ikatoka.

Ndipo walipokwenda zahanati. Nesi Genoveva, mama mtu mzima asiyebembeleza mtu, aliitikia shikamoo zao, kisha akauliza habari za ng'ombe kabla ya habari za watu. Paskalina ndiye aliyesema.

"Alitupa. Tulifukia."

Nesi akaacha kuandika. Akawatuma hospitali wakapimwe damu. Majibu yalisema wote wawili wana brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba.

"Lakini mimi nilikuwa na homa tu," Theodory alisema waliporudi kwa nesi.

"Homa ni dalili, baba. Dalili ni nyayo za fisi. Panadol inafuta nyayo. Fisi bado yumo zizini."

"Aliingilia wapi?"

"Kwa ng'ombe. Ugonjwa ukihama kwa mmoja kwenda kwa mwingine, tunasema umeambukiza. Huu ulihama kwa maji ya uzazi mliyoshika, na kwa maziwa mabichi."

Akawaeleza kwamba dozi ni vidonge vyote walivyoandikiwa, wiki sita, siku kwa siku. Theodory akauliza kama akijisikia vizuri wiki ya pili anaweza kuacha.

"Nafuu siyo kupona. Ukiacha njiani, ugonjwa unarudi."

Paskalina alikuwa na swali moja tu. "Ndio uliomtoa mwanangu?"

"Sitakudanganya, mama. Inawezekana sana."

Jioni ile Theodory alikwenda kwa Margwe, akasema yote. Margwe akageuka kulitazama zizi lake. Ng'ombe yule mchana alikuwa akilishwa pamoja na kundi lake.

"Ungeniambia, ningekucheka wiki moja, Theodory," alisema. "Wiki moja tu."

Kesho yake akamwita mtaalamu wa mifugo.

Theodory na Paskalina walimaliza vidonge vyote. Homa haikurudi. Maziwa nyumbani kwao yanachemshwa mpaka yatokote. Mnyama akitupa mimba, Theodory anavaa glovu, anafukia kwenye shimo refu, na anapeleka habari.

Katika kundi la Margwe, ng'ombe watatu walikutwa wagonjwa, wakaondolewa kundini. Wa nne ni yule aliyetunzwa na Theodory. Eka mbili za mahindi ya Theodory hazikupaliliwa kwa sababu ya homa. Ndama mmoja alikufa. Na mtoto mmoja, ambaye angezaliwa mwezi wa nane.