Mkazi Mpya wa Fumara

Jumamosi ile Jémima alikuwa jikoni anapika sombe, yaani kisamvu, na kaka yake Bienaimé alikuwa mezani anadanganya. Alidanganya kwa kalamu tatu za rangi tofauti, ili mwandiko usifanane.

Ilikuwa Machi 1997, katika nyumba yao ya ghorofa ya tatu huko Jette, mjini Brussels. Bienaimé, kijana wa Goma, alikuwa anamaliza masomo ya jiografia, na tasnifu yake ilihusu Fumara, kisiwa cha volkano kusini mwa Italia. Ni manispaa ndogo ajabu: kilomita za mraba tisa, meya mmoja, kanisa moja, gati moja. Hakuna mto wala chemchemi. Watu hunywa maji ya mvua waliyoyakinga, na yakiisha huletewa na meli kila Alhamisi. Wanaishi kwa zabibu za kukausha, samaki, na yale mawe mepesi ya kijivu ambayo kina mama husugulia visigino. Ofisi ya meya ilikuwa imemtumia takwimu za nusu karne nzima kwa posta. Kila sensa ilisema watu 312, hazidi mmoja, hapungui mmoja, hata miaka ya misiba. Bienaimé akawacheka makarani wale kwa uvivu wao, naye ana madodoso bandia mkononi.

Alitakiwa aende kisiwani akahoji kaya arobaini. Visa haikutoka, na siku ya kutetea tasnifu ilikuwa inabisha hodi. Basi akawa anawabuni wenyeji mwenyewe.

"Umefika wapi?" Jémima akauliza. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, msaidizi wa wauguzi hospitalini, na ndiye ndugu pekee ambaye vita vilimwachia Bienaimé.

"Trente-neuf. Imebaki moya tu. Majina imeniishia."

"Bon, uniandike na mie. Nipate ata nyumba fasi moya. Huku tuko locataires tu, nyumba ya watu."

Wakacheka. Akamwandika kweli, na Jémima akawa anajibu maswali huku anakoroga sufuria. Watu wangapi nyumbani? "Mie moya." Maji? "Ya citerne, ya mvua." Kazi? "Nitauzisha zabibu." Likabaki swali la mwisho: nani mwingine anatarajiwa kuhamia nyumba hii?

"Kuya tukule, sombe imeisha iva," Jémima akasema, na swali lile likaachwa wazi.

Profesa alipoyapitia madodoso, thelathini na tisa hayakumshtua. La arobaini ndilo lililomkosha roho. Mwafrika anaishi Fumara! Akamwambia Bienaimé alifanye dodoso hilo kiini cha utetezi wake. Bienaimé alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Alimkuta Jémima bafuni, ananawa uso kwa kikombe kimoja cha maji. Bomba lilikuwa limefungwa.

"Mbona unajinyima maji?"

"Bateau ya maji itakuya Alhamisi," alisema. Hakucheka. Jémima alipopanda kitandani, Bienaimé aliziona nyayo zake. Zilikuwa nyeusi kama za mtu aliyekanyaga makaa, naye alishinda kutwa ndani ya viatu vyeupe vya hospitali.

Kila aliyewahi kuhama Brussels anamjua polisi wa mtaa, yule anayetumwa na manispaa kuhakikisha kama kweli unalala pale ulipojiandikisha. Jumatatu, saa nne asubuhi, alipiga kengele. Alikuwa mtu mzima mwenye mafua na mkoba wa ngozi.

"Mademoiselle Jémima hakai hapa tena," alisema. Hakuwa anauliza.

"Anakaa. Yuko kazini."

"Amehama, bwana. Manispaa yake mpya imetuandikia."

Akamwonyesha karatasi. Ilikuwa na muhuri wa Fumara. Tarehe ya kuhama ilikuwa Jumamosi ile ya sombe. Namba ya nyumba, arobaini. Polisi akaingia chumbani kwa Jémima kukagua, kama sheria inavyotaka. Juu ya shuka kulikuwa na mchanga mweusi, umesawazishwa vizuri, hauna alama ya mwili.

"Ni makosa," Bienaimé akanong'ona.

"Basi aliyemwandikisha aandike kwamba alidanganya. Barua ifike kwetu kabla ya Alhamisi saa sita mchana." Akapenga kamasi, akashuka ngazi.

Usiku huo Bienaimé aliiandika barua. Ilikuwa na mistari miwili tu. Lakini mistari ile ikisomwa, shahada imekwenda, na kibali chake cha kukaa Ubelgiji nacho kimekwenda. Utetezi ulikuwa Alhamisi hiyohiyo asubuhi. Akaitia barua mfukoni. Jumanne akatembea nayo. Jumatano akatembea nayo. Nikishatetea nitaipeleka, alijiambia; saa chache zitaharibu nini? Alikuwa anampenda dada yake, hilo halina ubishi. Aliipenda na shahada.

Alhamisi alfajiri alimkuta Jémima ameketi ukingoni mwa kitanda, peku.

"Yaya," alinong'ona, kama alivyozoea kumwita kaka yake. "Upeleke ile barua sasa."

Bienaimé hakuwahi kumwambia habari za barua.

"Nikitoka kule. Mara moja."

"Ukitoka kule nitakuwa nimeisha enda."

Akambusu kwenye paji la uso. Midomo yake ikabaki na ladha ya chumvi. Akaenda.

Walimpa alama za juu. Walimpigia makofi. Profesa alimshika mkono kwa mikono miwili. Saa ya ukutani ilisema saba na robo mchana. Bienaimé alitoka mbio, na makofi bado yanalia nyuma yake.

Nyumbani, kwenye kengele ya mlango kulikuwa na jina moja. Lake.

Maman Mwadi, mama wa Lubumbashi aliyekaa chini yao, alikuwa amesimama ngazini.

"Amepita sasa hivi na valise yake ya nguo. Viatu mkononi, miguu peku, na hii baridi! Namuuliza, Jémima, wapi? Anasema, kwangu, maman. Bateau iko kwa canal."

Alikimbia hadi Molenbeek, kwenye mfereji wa meli unaokatiza Brussels. Mfereji ulikuwa mtupu. Hakuna meli. Hakuna mtu. Ukingoni vilikuwepo viatu viwili vyeupe, vimepangwa sambamba, ncha zikitazama maji. Ndani yake, mchanga mweusi. Maji yalinuka kiberiti. Bienaimé aliita jina la dada yake mpaka sauti ikakauka.

Polisi walizamia siku mbili wasipate kitu. Bienaimé naye, ingawa alikuwa amechelewa, aliipeleka barua. Jibu lilikuja kutoka Fumara kwenyewe, mstari mmoja na muhuri: *Imepokelewa baada ya muda. Wakazi kwa sasa: 312.*

Ndipo akaenda maktaba kuuchana ukurasa ule wenye jina la Jémima. Alifungua tasnifu yake. Dodoso la arobaini. Swali la mwisho, aliloliacha wazi kwa sababu ya sombe, lilikuwa limejibiwa, kwa mwandiko wa Jémima ulioinama kushoto. Nani mwingine anatarajiwa?

*Yaya wangu. Alhamisi.*

Alipogusa wino, ulimpaka kidoleni.

Alhamisi iliyofuata Maman Mwadi alisikia kengele ya juu, saa nne asubuhi. Baadaye akasikia mtu anapenga kamasi, na nyayo za watu wawili zinashuka, mmoja ana viatu, mwingine peku. Alipopanda kuangalia, mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Bafuni, beseni lilikuwa limejaa maji pomoni, na juu yake lilielea jiwe dogo la kijivu, lile la kusugulia visigino.

Maman Mwadi alilitoa. Akaliachia palepale. Lilikuwa la moto.