Risasi Sita za Odell

Hamjambo, jamani. Hebu wekeni vikombe chini mnisikilize, maana haya yalimkuta rafiki yangu Odell, dereva wa lori kama mimi.

Tulisimama jimbo la West Virginia, huko Marekani, kabla ya kuvuka kuingia jimbo la Maryland, ambako sheria ya silaha ni kali, na Odell alikuwa na bastola yenye risasi sita. Nilimsomea karatasi ya sheria hiyo mimi mwenyewe, neno kwa neno: toa risasi, fungia bastola peke yake, na risasi peke yake.

Odell akacheka. "Mzee, umejua kusoma juzi tu, leo umekuwa wakili?"

"Cheka, lakini funga."

Akatia bastola kwenye sanduku moja na risasi kwenye jingine, akayafunga, akayaweka kwenye kitanda cha nyuma ya kiti chake, kilichozibwa kwa pazia. Funguo akazivaa shingoni.

Mlimani ukungu ukafunika kila kitu. Yeye mbele na shehena ya mbao, mimi nyuma yake na lori langu. Tukiwa kwenye mteremko nikamsikia kwenye redio yetu ya kuongea lori kwa lori, akinong'ona.

"Mzee, kuna mtu nyuma ya pazia. Anajaza bastola."

"Simama!"

"Nisimame vipi? Nikikanyaga breki hapa, mbao zote zinanilalia. Nikigeuka, naingia korongoni."

Akaiacha redio wazi. Nikasikia mwenyewe: tik. Kimya. Tik. Mara sita, polepole.

Tulipofika chini tukasimama. Nyuma ya pazia hapakuwa na mtu. Masanduku yamefungwa, funguo ziko shingoni. Akafungua la risasi: tupu. Akafungua la bastola: risasi zote sita zimo ndani ya bastola, zina joto kama mayai yaliyotoka chini ya kuku.

Niwekeeni kiti, narudi. Nakwenda kuwasha taa kwenye lori langu; nami nina kitanda na pazia nyuma ya kiti.